Waliingia mchana kweupe

Aliyehudhuria misiba ya Uchagani miaka ya tisini anaikumbuka ile sentensi ya kwenye wasifu wa marehemu: "Aliugua kwa muda mrefu." Msomaji akifika hapo sauti inashuka, waombolezaji wanatazama chini, kisha anaendelea na idadi ya watoto na wajukuu. Ugonjwa wenyewe hautajwi. Nyumbani ilisemwa ni kifua, ni homa ya matumbo, ni malaria iliyogoma kusikia dawa, au karogwa na mshirika wake wa biashara huko Dar es Salaam. Aliyetokwa na mkanda wa jeshi alijitanda kanga mpaka shingoni, maana wakubwa kwa wadogo walishajua kuusoma.

Kimya hicho hakikumsitiri mgonjwa hata kidogo. Watu walishajua, na yale ambayo midomo ilikataa kuyasema, mikono iliyafanya. Kikombe chake kilitengwa. Sahani yake ilioshwa peke yake, nje, karibu na shimo la taka. Watoto waliitwa kwa ukali wakisogelea kitanda chake. Kwenye shughuli za ukoo mbege, pombe yetu ya ndizi, hunywewa kwa kata, na kata hupita mkono kwa mkono. Wengi wa rika langu tuliiona ikimruka mtu aliyeketi katikati ya ndugu zake wa damu. Kwa Mchagga sijui kama kuna tusi zito kuliko hilo.

Naandika haya kwa sababu ya KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI. Vijana wengi wa Moshi leo wanalifahamu jina tu, kama wanavyofahamu jina la mtaa wanaoupita kila siku. Mimi nimekua nikiiona kazi yao kwa macho, kwa kuwa mama yangu mkubwa alikuwa mwanachama wa kikundi cha kijijini kwetu Uru. Nadhani mkoa huu una deni kwa wanawake wale, na ningependa lianze kulipwa wakiwa hai.

Mwaka 1990 kaulimbiu ya Siku ya UKIMWI Duniani ilihusu wanawake na UKIMWI. Wanawake wa Moshi waliojikusanya kwa ajili ya siku hiyo hawakutawanyika ilipokwisha. Walibaki pamoja, wakawa kikundi, na kikundi kikawa shirika. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wamegundulika Kagera mwaka 1983, kwa hiyo ugonjwa ulishakaa nchini miaka saba. Kilimanjaro ni mkoa ambao watoto wake wanasaka maisha kila kona ya nchi, kisha Desemba wanapanda mlima kurudi kwao. Wengi walikuwa wanarudi kuuguzwa.

Tuziweke tarehe mahali pake, kwa sababu zinasema jambo. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa 2001. Tangazo lile lilikuwa na uzito wake, lilifungua mafungu ya fedha na midomo ya viongozi. Ila lilipotoka, wanawake wa Kilimanjaro walikuwa na miaka tisa kazini. Walikuwemo wauguzi na walimu, walikuwemo wakulima na wauza ndizi. Kutoka mjini walishuka na kupanda: Rombo, Hai, Marangu, Kibosho, mpaka upareni Mwanga na Same, wakiacha vikundi vya wanawake wa kijiji husika waendelee wenyewe. Hilo la kuwaachia wenyeji kazi yao ndilo ninaloliona kuwa la busara kuliko yote waliyofanya. Mgeni kutoka mjini akifundisha, anaondoka na gari lake jioni. Mwanamke wa kijijini anabaki palepale, anakutana na familia ya mgonjwa kisimani, sokoni Kiboriloni, kwenye jumuiya, kwenye misiba.

Mama mkubwa alikuwa na kikapu cha kawaida cha ukindu. Ndani mlikuwa na sabuni ya mche, glovu, khanga kuukuu zilizofuliwa zikanyooka, na unga wa uji. Nilimsindikiza mara nyingi nikiwa msichana wa shule ya msingi, kazi yangu ikiwa kubeba ndoo. Kuna jambo nililiona wakati ule na nikalielewa baadaye sana. Uru ina vijia vingi vinavyopita kwenye migomba. Unaweza kutoka nyumba moja hadi nyingine bila barabara kukuona. Mama mkubwa hakuvitumia. Alipita barabarani, mchana, akisalimia kila aliyekutana naye, na akifika kwenye geti la masale, mimea yetu ya mpakani, anapiga hodi kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu.

Wapo waliomfungia mlango. Nawaelewa, maana mwanzoni kuonekana tu kwa wanawake wa KIWAKKUKI nyumbani kwako kulitosha kukutangaza. Kazi ya kuondoa unyanyapaa ilikuwa inabeba unyanyapaa wake yenyewe, na mashirika mengi yaliyokuja baadaye na magari yenye nembo kubwa mlangoni hayakuliona hilo. Mama mkubwa na wenzake walilitatua kienyeji. Walianza kutembelea kila mgonjwa wa kitongoji: mzee mwenye kiharusi, mama aliyejifungua kwa upasuaji, bibi asiyeona. Baada ya miezi kadhaa mtu akiwaona wanaingia kwako hajui wamefuata nini. Mlango uliofungwa ukafunguka.

Ndani ya nyumba kazi ilikuwa ya mikono. Kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Kumsafisha mdomo wenye utando mweupe kwa kitambaa laini kilicholowekwa maji ya chumvi. Kufua mashuka ya mtu anayeharisha mara kumi kwa siku. Nakumbuka nyumba moja ambako mama wa mgonjwa, bibi mzima, alikuwa anamsukumia mwanawe chakula kwa kutumia kipande cha ubao. Mama mkubwa hakumkaripia. Alimsalimia, "Shikamoo mama," akapokea marahaba, akaomba apikiwe chai. Ikaja. Akaenda kukaa kitandani, ubavuni kwa kijana, akanywa chai ile huku wakizungumza habari za timu ya mpira. Kisha akamwonyesha bibi jinsi ya kuvaa glovu akiwa na mchubuko mkononi, na akamwambia, "Huna mchubuko, mama, mshike tu mtoto wako. Hana cha kukuambukiza kwenye paji la uso." Bibi alimshika. Sitaki kuongeza neno hapo.

Mabango ya zahanati yalikuwa yameshasema kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa kula pamoja. Watu waliyasoma, wakayaamini kichwani, wakarudi nyumbani wakatenga sahani. Hofu ya namna ile haiondoki kwa kuelezwa. Inaondoka ukimwona mtu unayemheshimu, jirani yako, mwenye watoto kama wewe, anakula kwenye sufuria ileile, na mwaka kesho bado mzima, na mwaka wa tatu bado anapita barabarani na kikapu chake.

Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa za matajiri. Mpango wa serikali wa kuzitoa bure ulianza 2004. Kwa hiyo kwa takriban miaka kumi na nne wanawake hawa waliwahudumia watu wakijua mwisho wake. Walizika, wakarudi kuwafunza waliobaki, wakazika tena. Sijawahi kusikia hotuba iliyotaja uchovu wa miaka ile. Mama mkubwa alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye kigoda nje ya jiko akitoka kwenye mazishi ya mtu wake, bila kusema na yeyote, mpaka ng'ombe waanze kulia njaa.

Halafu kuna suala la kupima. Kujua hali yako lilikuwa jambo la kutisha, na kwenda kupima ilikuwa kama kukiri. KIWAKKUKI ilikuwa na huduma ya ushauri nasaha na upimaji Moshi mjini, na watafiti waliokuwa wakifanya kazi KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walichunguza kilichotokea ada ya kupima ilipoondolewa kwa kipindi fulani. Matokeo yalichapishwa 2006. Kabla ya hapo walikuwa wanapima wastani wa watu 4 kwa siku. Ada ilipoondolewa wakafika 15. Iliporudishwa idadi ilishuka, lakini ikabaki 7. Takwimu hizi huwa nazirudia mara kwa mara, kwa sababu tulizoea kusema watu hawapimi kwa ujinga na ukaidi. Kumbe wengine walikuwa wanazuiwa na ada ambayo mtu wa mjini angeiona ndogo. Na ile 7 iliyobaki baada ya ada kurudi inanipa matumaini zaidi ya ile 15: ina maana mlango ule ulishazoeleka.

Dawa zilipokuja, kazi ilibadilika sura. Waliokuwa kitandani waliinuka. Baadhi yao wakajiunga na vikundi, wakawa ndio wanaoingia kwenye nyumba za wengine na kusema, "Mimi nilikuwa na kilo thelathini na tano, nitazame." Huyo haulizwi vyeti. Nimewahi kusikia watu wakisema kujumuisha ni kumpa mgonjwa nafasi ya kukaa mkutanoni. Kwa wanawake hawa ilikuwa zaidi: aliyehudumiwa alipewa kikapu.

Wengine watakumbuka mwaka 2011, Kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa anatoa dawa ya mti kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi porini. Kutoka Moshi na Arusha ziliondoka basi na Land Rover usiku na mchana. Babu ameshatangulia mbele za haki, alifariki 2021, na simsemi vibaya; watu walikwenda kwa imani na kwa kukata tamaa. Ila wapo waliorudi na kuacha dawa za kufubaza virusi, wakiamini wamepona. Kwetu Uru nyumba zile zilirudiwa moja baada ya nyingine. Mama mkubwa hakubishana na imani ya mtu. Aliuliza tu, "Babu alikwambia uache dawa za hospitali?" Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, mtu ameamua mwenyewe. "Basi tusali, na jioni unywe dawa zako." Wengi wa aliowatembelea walirudi kliniki. Mmoja hakurudi, na mama mkubwa alimtaja kwenye sala zake kwa miaka.

Kuna upande wa unyanyapaa ambao mijini hautajwi sana, na huku mlimani ulikuwa ndio mchungu: ardhi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kwetu ni makaburi ya babu, ni ndizi, ni kahawa, ni jina. Mume akifa kwa ugonjwa ule, mjane alibebeshwa lawama hata kama ndugu wote wanajua nani alikuwa anaishi Dar es Salaam miezi kumi na moja na kurudi Krismasi. "Umemuua mtoto wetu." Neno hilo likishasemwa, hatua ya pili ilikuwa kung'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya ndani zaidi, na ya tatu kumwambia mama arudi kwao. Ubaguzi ulikuwa na faida kwa waliobagua, na ndiyo maana elimu peke yake haikutosha kuumaliza. Shemeji aliyepata nusu ya kihamba hakuwa na haja ya kuelimishwa kuhusu njia za maambukizi, alizijua vizuri.

Hapo ndipo kazi ya wanawake wa vikundi ilipokutana na ya KWIECO, shirika jingine la wanawake la Moshi lililoanza 1987 na linalotoa msaada wa kisheria. Mjane aliyekuwa hajawahi kuingia ofisi yoyote alishikwa mkono akapelekwa mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa imeshampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ikaja kukataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu kwa hali yake. Lakini sheria ziko Dodoma na mashauri ya ukoo yanakaliwa chini ya mparachichi. Uwepo wa wanawake wanne watano wa kijiji, wameketi upande wa mjane wakati wazee wanagawa, ulibadilisha mashauri mengi kuliko kifungu chochote.

Na kulikuwa na daftari. Wanawake wa NACWOLA, shirika la wanawake wanaoishi na VVU nchini Uganda, walieneza utaratibu wa kitabu cha kumbukumbu, ambamo mzazi anayeishi na VVU humwandikia mtoto habari za ukoo wake, na wazo hilo lilivuka mipaka. Jirani yetu mmoja alikuwa na la kwake, la kurasa 96, lenye jalada la jedwali la kuzidisha. Hakujua kuandika vizuri, mama mkubwa alimwandikia. Mlikuwa na jina la babu na la baba wa babu, siku mtoto alipozaliwa na mvua iliyonyesha, chakula alichokipenda, nani alimbatiza. Na ukurasa mzima wa mipaka: masale ya upande wa mashariki yanapoanzia, mfereji unapopita, mti gani wa mruka ulipandwa na nani. Mama yule alifariki kabla ya 2004. Mwanawe ana nyumba ya tofali kwenye kihamba kile leo, na daftari analo.

Sasa tuko wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Kati yao, karibu 83 kwa kila 100 wanajua hali zao. Wanaojua, karibu 98 kwa 100 wanatumia dawa, na kati ya hao zaidi ya 94 kwa 100 virusi vimefubazwa. Ukizitazama hatua hizi tatu, pengo kubwa liko kwenye ile ya kwanza kabisa. Mtu akishavuka kizingiti cha kujua, mfumo unamshika vizuri. Kinachomzuia kuvuka hakiuzwi duka la dawa.

Tena kimehamia kwa vijana. Mimi ni mwalimu, nimefundisha bweni. Nimemwona mtoto aliyezaliwa na virusi, mwenye afya kuliko wenzake, anakimbia mita mia kama upepo, akifukia vidonge vyake kwenye unga wa sabuni ndani ya tranka ili visisikike vikigonga kopo. Shule hiyo siitaji. Wenzake wakigundua, hapati wa kulala kitanda cha juu yake. Mtoto huyo hajawahi kuona mtu akifa kwa UKIMWI, wala wanaomcheka hawajawahi. Hofu yao imerithiwa bila kumbukumbu yake, na inahitaji mtu wa kuingia bwenini kama mama mkubwa alivyoingia Uru. Matroni mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akiwaita wote wenye dawa za kila siku, wa pumu, wa kifafa, wa selimundu, wa VVU, wanywe saa mbili usiku ofisini kwake pamoja, na chai. Nilipomuuliza alitoa wapi wazo hilo, alinijibu mama yake alikuwa kikundi cha wanawake Rombo.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi wanaofanya kazi za VVU nchini walikaa roho juu, na wahudumu wa ngazi ya jamii walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyumba. Ni sawa kulia na wafadhili, walisaidia mno. Lakini nawaomba viongozi wa mkoa wasisahau kwamba mwaka 1990 wanawake hawa walianza bila mpango mkubwa wa mfadhili nyuma yao. Kinachotakiwa kuwabeba sasa hakifikii bei ya semina moja ya hotelini: bima ya afya kwa wale wazee waliohudumia wengine kwa zaidi ya miaka ishirini bila mshahara, nauli ya vijana wanaotaka kuchukua vikapu vyao, na chumba chenye mlango unaofungika kwenye kila zahanati kwa ajili ya mazungumzo.

Na nina ombi jingine kuhusu Desemba Mosi. Kila mwaka tunakaa chini ya maturubai, mgeni rasmi anafika, ngoma zinachezwa, vyeti vinatolewa kwa wadhamini. Mwaka huu wapandishwe jukwaani wanawake wa vikundi vya mwanzo, kata kwa kata, wasomewe majina. Wengi wameshafika miaka sabini na themanini. Nimeanza kuyakusanya ya Uru na nimepata kumi na moja, saba wakiwa hai. Mama mkubwa ananisahihisha nikikosea nani alikuwa katibu na nani mweka hazina. Kibosho, Machame, Mwika, Rombo, Mwanga, Same: kama mama yako au bibi yako alibeba kikapu, mwulize alianza lini, aliwahudumia nani walio radhi kutajwa, na nani alikuwa naye. Yaandike na kijiji chake, uyapeleke kwa mtendaji wa kata kabla ya Novemba, na nakala ubaki nayo.